Lebo Elfu Kumi kwa Shifti, Lakini Ngapi Zinasoma?

Wasee wangu, leo sina video. Hii nimeamua kuiandika, kwa sababu nikiisema mbele ya kamera hasira itapanda, nitataja jina la kiwanda, na jamaa yangu bado anahitaji hiyo kazi.

Tulikua naye hapa Kitengela. Wiki iliyopita amekatwa mshahara wa siku nne juu ya tisheti ambazo hakukata, hakushona, na hata hakuzipiga pasi. Yeye kazi yake ni kuchapisha lebo. Katoni zilipofika kwa ukaguzi, nyingi zilikataa. Katoni imeandikwa ina vipande 48, mashine inasoma 47. Inayofuata 46. Nyingine ikasoma 48 vizuri kabisa, lakini namba mbili zilikuwa zimeshasomwa kwa katoni ya jana. Supavaiza akamwambia maneno mawili: "Umechapisha vibaya." Basi. Siku nne zimeenda, na mwenye nyumba hajui kitu kinaitwa lebo.

Najua hicho chumba. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imeshinda watu wa nyumbani, nilifanya kibarua miezi saba kwa chumba cha lebo. Kiwanda kingine, tabia ile ile. Kwa hivyo nikiambiwa kijana wa printa ndiye mbaya, naomba nipewe dakika chache.

Tuanze na hiyo lebo yenyewe, kwa sababu wengi mmeivaa bila kujua. Ukinunua nguo ya ng'ambo, kuna ile karatasi ya bei inaning'inia, au kitambaa kidogo cheupe kimeshonwa ubavuni. Iinue juani uiangalie. Ukiona mistari myembamba inang'aa, imejikunja kama njia ya panya, hiyo ni antena. Katikati yake kuna chipu ndogo kuliko punje ya sukari. Haina betri. Msomaji akituma mawimbi ya redio, antena inayanasa, chipu inapata nguvu kidogo inaamka, inataja namba yake, inalala tena. Hiyo ndiyo RFID, kutambua kitu kwa redio. Ile namba ya kifuani anayovaa mkimbiaji wa marathon ina chipu ya ukoo huo huo, ndiyo maana akikanyaga mstari saa yake inaingia bila mtu kumwandika. Kwa maduka ya Uniqlo unatupa nguo zako zote kwa kikapu cha malipo na bei inatokea yenyewe, hakuna mtu wa kuelekeza moja moja kwa skana.

Tofauti yake na barakodi ya kawaida ni hii. Barakodi inasema "mimi ni tisheti nyeusi ya saizi ya kati". Tisheti nyeusi zote za saizi hiyo zinasema hivyo hivyo. Chipu inasema "mimi ni tisheti nyeusi ya saizi ya kati, na mimi ni ile moja, hakuna mwenzangu duniani". Kwa mpangilio unaotumika sana kwa nguo, namba inakaa kwa biti 96, na biti 38 kati ya hizo ni za namba ya kipande peke yake. Ukipiga hesabu ni zaidi ya namba bilioni 274 kwa aina moja tu ya tisheti. Kwa hivyo mtu asikwambie namba zilirudiwa kwa sababu zilikuwa zimeisha.

Hapa ndipo kuna siri ambayo hakuna mtu alinieleza siku ya kwanza. Lebo moja ina maandishi mawili. Kuna yale jicho linaona: barakodi, saizi, bei, rangi. Na kuna yale yaliyo ndani ya chipu, ambayo jicho haliwezi kuona hata ufanye nini. Printa ya RFID inafanya kazi zote mbili lebo inapopita, inachapisha nje na kuandika ndani. Nje ikitoka safi, wewe mwenye macho unaridhika. Unaweka kwa boksi. Kumbe ndani hakuna kitu, au kuna namba ya jirani.

Sasa kwani shida inatoka wapi? Shida inaanzia kwa ubao wa shabaha pale ukutani. Kwetu uliandikwa kwa maka nyekundu: LEBO 10,000 KWA SHIFTI. Haukusema lebo elfu kumi zinazosoma. Kumi elfu zilizotoka kwa mdomo wa printa, kwisha. Kila kitu kibaya nilichokiona pale kilizaliwa na huo ubao.

Mtu atasema, aki si kosa kidogo linaruhusiwa? Hata mashine bora inakosea, tukipata tisini na tisa kwa mia si hiyo ni A? Shuleni ndiyo. Kwa katoni, hapana. Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Katoni ina vipande 48. Kila lebo ina nafasi ya 99% ya kusoma sawa. Ili katoni ipite, zote 48 lazima zisome. Zidisha 0.99 kwa 0.99 mara 48. Utapata kama 0.62. Maana yake kati ya katoni 100, kama 38 zina angalau kipande kimoja kinachokataa. Thelathini na nane! Na hapo ulipata A. Sasa panda mpaka 99.9%, kosa moja tu kwa lebo elfu, katoni kama 95 zinapita. Hiyo sehemu ndogo unayoona ni kama uchoyo wa mwalimu wa hesabu ndiyo inaamua kama watu watalala nyumbani au watalala kiwandani wakifungua katoni.

Nimefungua hizo katoni. Katoni 38 mara vipande 48 ni tisheti 1,824, unapitisha moja moja mbele ya msomaji wa mkono ukitafuta ile imekufa. Ukiipata, unachapisha nyingine, unakunja tisheti upya, unafunga katoni upya. Lori liko nje linanguruma. Meli Mombasa haikungoji.

Mnunuzi naye hacheki na hizo vitu. Walmart ilitangaza 2003 kwamba wasambazaji wake 100 wakubwa waweke RFID kwa katoni na mapaleti kufikia Januari 2005. Miaka ile ya kwanza lebo zilisumbua kila mtu, lakini maduka makubwa hayakuachana nayo, yalihama kutoka kwa paleti yakaingia kwa nguo moja moja. Na nguo za Marekani ndizo zimelisha hii mitaa yetu. Viwanda vya EPZ pale Athi River vilikuwepo, sheria yake ni ya 1990, lakini AGOA ya 2000 ndiyo ilijaza cherehani. Asubuhi saa kumi na mbili simama barabara ya Namanga uone watu wanaotembea kwenda shifti. Kodi za Kitengela, vibanda vya chai, bodaboda, mama wa mandazi, wote wanategemea hizo katoni zipite. Ndiyo maana nashangaa tunaifanya sehemu ya mwisho kabisa ya kazi, ile ya lebo, kama kazi ya kijana yeyote aliyepatikana getini.

Nirudi chumbani. Roli ya lebo inapobadilishwa, printa inafaa ipimwe upya. Chipu haikai mahali pamoja kwa kila aina ya roli, kuna ambayo iko karibu na ukingo, kuna ambayo iko katikati. Printa lazima ijue iandike sentimita gani. Kupima ni dakika chache na lebo kadhaa zinaharibika. Sisi tulikuwa tunaruka, kwa sababu ubao unahesabu na lebo za kupimia haziingii kwa hesabu. Tena kulikuwa na mjanja mmoja aligundua kwamba ukiongeza nguvu ya mawimbi, printa inaacha kulalamika. Tukamwona fundi. Kumbe mawimbi yakizidi yanaruka mpaka kwa lebo ya nyuma, unaandika chipu ya jirani ukidhani unaandika ya kwako. Nje imeandikwa saizi kubwa, ndani inasema saizi ndogo. Printa imenyamaza, supavaiza amefurahi.

Halafu kuna vumbi. Athi River ni mji wa simenti, hilo huwezi kubisha, pitisha kidole kwa dirisha lolote. Vumbi likiingia kwa kichwa cha printa, barakodi inatoka na mistari myeupe. Chipu nayo ni kama kijiwe kidogo chini ya karatasi. Ukichapisha wino juu yake kila mara, kichwa cha printa kinagonga hapo hapo mpaka kinachimbika. Anayechora lebo angeacha tu hiyo nafasi wazi, lakini anayechora lebo yuko ofisi ingine na hajawahi kuiona printa. Na Januari na Februari, hewa ikikauka, unavua sweta ya poliesta unasikia ta-ta-ta. Ile cheche ndogo inatosha kuua chipu. Waya wa ardhi kwa printa na roli zikae kwa plastiki yake mpaka saa ya kutumika, hiyo ni bei ya chai.

Lakini mfalme wa shida zote ni stima.

Nisikilize vizuri hapa kwa sababu hii ndiyo ilimkata jamaa yangu mshahara, nina hakika kabisa. Oda inasema uchapishe namba 1 mpaka 5,000. Uko kwa 3,120, stima inapotea. Jenereta inawaka, printa inaamka, haikumbuki kitu. Kompyuta inauliza: nianze tena? Sasa wewe uko na dakika kumi umepoteza na ubao unakuangalia. Unaangalia lebo ya mwisho kutoka, imeandikwa 3,120, unaanza 3,121. Sawa. Lakini je, zile mbili tatu zilizokuwa ndani ya printa, ambazo ziliandikwa ndani na hazikuchapishwa nje? Au mwenzako wa shifti iliyotangulia alianza 3,100 "kwa usalama" na akasahau kutupa zile ishirini? Hapo ndipo pacha wanazaliwa. Tisheti mbili, namba moja. Kwa barakodi ya zamani hakuna mtu angejua. Kwa RFID, msomaji anahesabu namba moja mara moja tu. Tisheti mbili zinakuwa moja. Katoni ya 48 inasoma 47, na ukifungua unakuta vipande 48 vizima, lebo zote hai, unaanza kufikiria kuna majini.

Dawa ya hii ipo na si ya kupeleka mtu mwezini. Kompyuta inayotoa namba iwe na betri yake, na isitoe namba inayofuata mpaka printa isome chipu na kurudisha jibu kwamba imeandikwa. Namba iliyotoka haitolewi tena, hata kama lebo iliharibika. Si tumesema ziko bilioni 274? Tupa! Kuna hata njia ambayo namba ya kipande inatengenezwa kutoka kwa namba ya kuzaliwa ya chipu yenyewe, ile iliwekwa kiwandani ilipotengenezwa na haifutiki. Hapo hata stima ipotee mara kumi, pacha hawatokei.

Na printa nyingi za RFID zinaweza kusoma zilichoandika palepale. Zikikuta chipu imekufa zinachapa neno VOID kubwa juu ya lebo na kurudia kwa inayofuata. Tulikuwa na hiyo kitu. Ilikuwa imezimwa. Nilipouliza nikaambiwa inachelewesha.

Nakubali, inachelewesha. Sitaki kudanganya mtu. Wiki mbili supavaiza wa usiku, mama mmoja mpole sana, alituruhusu tuiwashe na tupime kila roli mpya. Tulishuka kutoka elfu kumi hadi kama elfu nane na nusu kwa shifti. Wa mchana walitucheka. Lakini ile timu ya kufungua katoni, ambayo ilikuwa watu sita, usiku huo ilikaa inapiga stori. Hakuna aliyeunganisha hizo hesabu mbili, kwa sababu lebo zinahesabiwa na idara moja na katoni zilizofunguliwa zinahesabiwa na ingine. Ripoti ya mwezi ikaonyesha chumba cha lebo kimezembea. Mama akaitwa ofisini. VOID ikazimwa tena.

Kitu kingine tulichofanya hizo wiki mbili, na hii ndiyo ningependa muibe: tulinunua kitabu. Kila roli ikiingia tunaandika namba yake, saa, nani yuko kwa printa, VOID ngapi zimetoka. Usiku wa nne tu tukaona kwamba VOID karibu zote zinatoka kwa boksi moja la roli. Boksi lingine lilikuwa safi, printa ile ile, mikono ile ile. Yaani tungekatwa mshahara kwa sababu ya karatasi iliyonunuliwa rahisi na mtu ambaye hatujawahi kumwona. Sisemi mwendeshaji hakosei. Anakosea, mimi nimekosea mara nyingi, usiku saa tisa hata jina lako unakosea. Nachosema ni kwamba bila kitabu huwezi kujua nani alikosea, na mahali hakuna rekodi anayelipa ni yule wa mshahara mdogo.

Kuna watu mtasema haya ni mambo ya viwanda, wewe unakaa kwa simu unaposti. Sawa, tutoke kiwandani twende Entarara, kwa baba mdogo, ambaye hajawahi kuingia EPZ lakini ana ng'ombe.

Ng'ombe wa Kajiado tangu zamani ana maandishi yake. Chapa ya moto ubavuni, mkato wa sikio. Ukiona unajua ni wa ukoo gani, hata akiwa amepotelea mbali. Sasa dunia inaenda kwa hereni za kielektroniki. Botswana walianza mapema miaka ya 2000, chipu ilimezwa na ng'ombe ikakaa tumboni, kwa sababu soko la nyama la Ulaya lilitaka kujua kila mnyama ametoka wapi, baadaye wakahamia hereni za sikio. Tanzania hapo ng'ambo ya mpaka walianza hereni, wafugaji wakalia sana juu ya bei, na 2025 serikali ikazindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo pamoja. Itatufikia na sisi, hilo sina shaka. Kwa mpangilio wa kimataifa namba ya mnyama ina tarakimu 15, tatu za kwanza ni za nchi. Ya Kenya, na hii siitungi, ni 404. Wenye intaneti mnajua 404 ni nini. Ng'ombe hapatikani.

Cheka, halafu fikiria. Hereni nayo ina maandishi mawili, namba imechapishwa juu ya plastiki na namba iko ndani ya chipu. Mtu mahali fulani ataziunganisha kwa kompyuta, oda ya elfu kumi, ubao ukutani, stima ikipotea. Tisheti pacha zikifika Marekani, mtu anafungua katoni, anakasirika, anatoza kiwanda faini. Ng'ombe pacha wakikutana sokoni, mmoja wa baba mdogo na mwingine wa mtu wa mbali, namba moja kwa masikio mawili, hapo hakuna kufungua katoni. Hapo kuna polisi, kuna wazee, kuna vijana wenye rungu. Na mzee akisema "huyu ni wangu, namjua kwa chapa", afisa atamwonyesha kifaa: mashine inasema hivi. Mashine itakuwa imesema kile iliambiwa usiku saa tisa na kijana aliyekuwa anakimbizana na shabaha.

Kwa hivyo hao vijana wa chumba cha lebo ndio nataka wafunzwe, walipwe na wasikilizwe. Haichukui digrii, mimi ni ushahidi. Inachukua wiki moja ya mtu kukuelezea kwa nini unapima roli, na ruhusa ya kusimamisha printa bila kuogopa ubao. Kama meneja yeyote anasoma hii, futa hiyo elfu kumi. Andika idadi ya katoni zilizopita bila kufunguliwa, na uweke chumba cha lebo na watu wa katoni chini ya hesabu moja. Na kama unataka kumkata mtu mshahara, kwanza uonyeshe rekodi ya roli, ya stima na ya VOID za usiku huo. Kama huna, rudisha pesa yake.

Jamaa yangu anaingia shifti ya usiku Jumatatu. Jana tulipitia stationery pale mjini akanunua kitabu cha kurasa 96. Amechora mistari kwa rula: roli, saa, VOID, stima. Safu ya mwisho ameiacha wazi, nikamuuliza ni ya nini, akasema ni ya sahihi ya supavaiza.